Jina Linaloitikiwa na Wote

Zamani, kabla jiwe lile halijawekwa juu ya ukuta wa ndiva, watu wa Ikondo walikuwa na adabu kuliko watu wote wa milimani. Adabu hiyo ndiyo iliyotaka kuwamaliza. Mnacheka. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mcheke mkiweza.

Siku hizo mtu mzima hakuitwa jina lake. Jina lilikuwa la utotoni. Ukishaoa au kuolewa uliitwa Baba fulani au Mama fulani, na kama hukujaliwa mtoto uliitwa shemeji, wifi, mjomba au shangazi. Mke kutamka jina la mumewe ilikuwa aibu kuliko kumlaza na njaa. Watu walizeeka na kuzikwa, na wengine majina yao yalikuwa yamesahauliwa hata na wenyewe.

Kilichowaweka hai ni ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la mawe na udongo wa mfinyanzi lililojengwa juu ya mashamba. Maji ya mlimani hujaa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mifereji hadi kwenye mahindi na maharage. Ukuta ukibomoka, kijiji kinakufa njaa. Basi ukuta ulipotaka kuzibwa, au mfereji ulipotaka kuzibuliwa, mzee mmoja alipuliza pembe, na kila mwenye mikono akashuka na jembe lake. Huo ndio msaragambo, kazi ya wote, na nyinyi mliochelewa leo asubuhi mnaujua vizuri.

Msaragambo wa siku hizo ulikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya bonde. Watu sitini walimaliza kwa siku moja kazi ya mwezi. Wimbo ulianza, majembe yakapanda, majembe yakashuka, na mtu alipokuja kuzinduka jua lilikuwa linazama, viganja vina malengelenge na kazi imekwisha. Hakuna aliyekumbuka alichofanya mchana kutwa. Walilichukulia jambo hilo kuwa baraka. Walisema umoja ni nguvu, wakaenda kunywa pombe ya miwa.

Lakini kulikuwa na jioni ambazo mtu mmoja alipungua. Katika kizazi kile walipungua watatu. Wa mwisho alikuwa kijana mrefu mwenye kovu kidevuni, Sengondo, hajaoa bado. Walimtafuta siku tisa kwenye mapango na makorongo, wakarudi wakasema mlima umemchukua. Dada yake ndiye aliyekataa kunyoa nywele za msiba. Dada huyo kijiji kizima kilimwita Mama Nanzia, ila sisi tutamwita Nakiete, na sababu yake mtaiona wenyewe. Alikuwa amemlea Sengondo mgongoni tangu mama yao alipofariki, na hakuna aliyeweza kumwambia mlima unachukua mtu bila kuacha hata kiatu.

Miaka minne ilipita. Nakiete alikuwa mfinyanzi, na siku moja akichimba udongo aliteleza, akategua kifundo cha mguu. Kesho yake pembe ikalia. Ukuta wa ndiva ulikuwa unavuja upande wa magharibi, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Mumewe alichukua jembe akatoka. Desturi ilisema mgonjwa abaki ndani na mzima ashuke kazini, lakini Nakiete hakuwa mtu wa kukaa akihesabu boriti za dari. Alifunga viazi vya mumewe kwenye jani la mgomba, akachukua fimbo, akajikongoja mpaka kwenye mteremko ulio juu ya ndiva. Akakaa kwenye majani, mguu kaunyoosha.

Hapo ndipo yalipoanzia. Tangu Ikondo iwe Ikondo, hakuna mtu aliyewahi kukaa nje ya msaragambo akautazama.

Mwanzoni aliona fahari. Majembe sitini yalipanda pamoja na kushuka pamoja. Wimbo ulikuwa mzuri. Kisha akamwona nzi akitua shingoni mwa mumewe, na mwanamke aliyekuwa hatua ishirini kutoka pale akapeleka mkono akajipiga shingoni mwake mwenyewe. Nakiete akatabasamu, akidhani ni bahati tu. Punde si punde mzee mmoja akakanyaga mwiba. Mzee yule hakulia. Watu wote sitini waliinua mguu wa kushoto.

Tabasamu likamkauka Nakiete. Alitazama kama watapiga kelele za mshangao, kama watacheka, kama hata mmoja atamgeukia mwenzake. Hakuna. Mwanamume wa pembeni aliinama, akachomoa mwiba kwenye mguu wa yule mzee bila kumtazama usoni, na miguu sitini ikashuka chini. Wimbo haukukatika. Sasa akautazama vizuri wimbo wenyewe, akaona kwamba hakuna mwimbishaji wala waitikiaji. Midomo yote ilifunguka mara moja na kufumba mara moja.

Akaita, si kwa sauti kubwa, kama mke anavyomwita mumewe shambani: "Baba Nanzia."

Vichwa vyote sitini viligeuka vikamtazama.

Vilimtazama kwa jicho moja la mtu aliyeguswa bega na mgeni. Kisha vikageuka tena kwenye kazi. Nakiete alibaki na jani la viazi mapajani, asijue hata amekaa wapi.

Wakati huo ukuta wa magharibi ukatoboka. Maji yalitoka kwa nguvu kwenye tundu la upana wa kifua cha mtu. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyetoa amri. Wachimbaji waligawanyika katikati, kimya, na mumewe akatoka kwenye safu. Aliweka jembe chini taratibu, akashuka, akaingia kwenye lile tundu kwa mgongo, akakunja mikono kifuani. Maji yakapungua. Na wale wengine, majirani zake, watu aliokunywa nao pombe juzi, wakaanza kumfukia kwa mawe na udongo.

Nakiete hakupiga kelele mara moja, maana alilitambua tendo lile. Yeye mwenyewe alikuwa amelifanya mara mia. Mtungi ukivuja maji unaweka kidole kwenye tundu, na mkono wa pili unatafuta udongo. Kidole hukiulizi kitu.

Aliteremka mteremko ule akiburuza mguu, mara amesimama, mara kwa makalio. Alipofika, udongo ulikuwa umefika kiunoni mwa mumewe. Akaushika mkono wa jirani aliyekuwa na jembe. "Shemeji, acha! Unamzika mtu!"

Jirani akasimama. Wote wakasimama. Midomo sitini ikafunguka.

"Nani huyu ananishika mkono?"

Ilikuwa sauti moja. Na mdomo wa mumewe, kule ndani ya tundu, ulikuwa umeyasema maneno yale yale pamoja na mingine. Hilo ndilo lililomtisha Nakiete zaidi.

"Mimi ni Mama Nanzia," akasema. "Nyinyi ni nani?"

"Nyinyi kina nani? Niko peke yangu."

"Mko watu sitini hapa."

Wote wakainamisha vichwa, wakatazama mikono yao, wakaigeuzageuza. "Nina mikono mingi," wakasema. "Ndiyo. Wewe una miwili tu? Maskini. Niache, naumwa ubavuni, nataka nizibe."

"Unaziba kwa mume wangu."

"Mume ni nini?"

Mikono ikaanza tena kazi. Nakiete akajitupa kwenye tundu, akaanza kufukua kwa kucha. Wakamshika kwa upole, kama mtu anavyoondoa jani lililomnasa kwenye nywele. Na kule kushikwa kukamletea jambo la ajabu kuliko yote. Maumivu ya mguu yakamtoka. Joto likampanda mikononi. Akajua mahali lilipo kila jembe bila kutazama. Akausikia ukuta ukiuma ubavuni mwake mwenyewe. Ilikuwa raha, lazima tuseme kweli. Alitaka kusema jina lake akajikuta hana. Mama Nanzia? Mama Nanzia ni mama wa Nanzia tu. Mama wa Nanzia ni nani?

Akapapasa ndani ya kichwa chake kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na alichokipata kilikuwa sauti ya kijana mwenye kovu akimwita kutoka mtoni: Nakiete, njoo uone kaa.

"Nakiete," akasema. Maumivu ya mguu yakarudi yote. Alishukuru mpaka machozi yakamtoka.

Sasa alijua la kufanya, na alijua ni utovu wa adabu usio na mfano. Akamgeukia mwanamke aliyemshika bega, mke wa mfuga mbuzi mmoja, mwenzake wa utotoni. "Namkunda! Wewe Namkunda uliyejikojolea siku ya tohara ya kaka yako!"

Mkono uliomshika ukalegea. Namkunda alipepesa macho, akatazama jembe lake, akamtazama aliye tunduni. Kisha akaangua kilio.

"Usilie. Ita unaowajua," Nakiete akamwambia. "Jina kavu, la utotoni."

Namkunda akamwita dada yake. Dada akamwita mumewe kwa jina, akaficha uso kwa aibu, lakini aliita. Mpiga pembe, Mzee Kadeghe, hakuna aliyekumbuka jina lake hilo la utotoni ila mama yake kikongwe, aliyekuwa bado akimwita Kadeghe mlangoni kila jioni, na kwa bahati Nakiete alikuwa amepeleka mitungi pale akalisikia. Mzee Kadeghe alipozinduka akaita wazee wenzake, majina ambayo hayakuwa yametamkwa miaka hamsini. Na kila aliyezinduka alitazama mikono yake na kupiga magoti. Wengine walitapika.

Kadiri walivyozinduka, ile sauti ilipungua. Ilisema kwa midomo arobaini, "Mnanifanya nini?" Ikasema kwa midomo kumi na saba, "Sioni upande wa kulia." Ikasema kwa midomo minne, "Baridi." Nakiete aliisikia, na moyo ukamwuma, jambo ambalo hakulitegemea.

Mwishowe ukabaki mdomo mmoja. Mumewe alikuwa amekuja Ikondo akiwa mtu mzima, kutoka bonde la pili, mwaka wa ukame. Hakuna rika lake pale. Jina lake walilijua watu wawili: mjomba wake, ambaye alishakufa, na Nakiete, aliyelisikia mara moja siku ya posa na hajawahi kulitamka. Udongo ulikuwa umefika kidevuni. Macho yaliyomtazama hayakuwa ya mumewe.

"Umebakiza hiki kimoja," ile sauti ikasema, sasa kwa koo la mwanamume mmoja. "Ukikiita hiki, mimi nakwenda wapi?"

"Sijui," Nakiete akasema.

"Jioni huwa nakwenda. Lakini nilikuwa sijui kwamba nakwenda. Leo umenijulisha."

Watu walisimama nyuma yake. Nakiete akapiga magoti kwenye tope. "Nijibu kwanza. Kulikuwa na kijana, miaka minne iliyopita. Mrefu. Ana kovu hapa."

Macho yale yakawaza. "Kile kidole kiko ukutani, upande wa mashariki. Upande ule hauniumi tena."

Watu wote wa Ikondo walijua kwamba upande wa mashariki haujavuja kwa miaka minne, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuusifia ukuta ule kwa mdomo wake. Nakiete aliuinamia udongo, akalia kwa sauti mpaka ikakauka.

"Nilikosea?" ile sauti ikauliza.

Aliinua kichwa akitaka kulaani. Mzee Kadeghe alisimulia baadaye kwamba aliiona laana imefika kwenye meno yake. Lakini macho yale yalikuwa yanamtazama kama ya Nanzia alipovunja mtungi, akingoja kuambiwa amefanya nini. Kitu kilichozaliwa asubuhi na kufa jioni, siku zake zote, nani angekifundisha?

"Ulikosea," Nakiete akasema. "Si vidole. Ni watu. Kila mmoja ana kwao."

"Sikuambiwa."

"Ni kweli. Hukuambiwa." Alifuta uso kwa mkono wenye tope. "Ukirudi, atakuwapo mtu juu ya ukuta wa kukuambia. Hatakuwa na jembe wala wimbo, atakutazama tu."

"Ataniita nani? Wenzako wote wana jina."

Nakiete aliutazama ukuta wa mashariki. Udongo ulikuwa unateremka kidogokidogo kuelekea mdomo wa mumewe, na watu nyuma walianza kunong'ona afanye haraka.

"Utaitwa Sengondo," akasema. "Ndiyo jina la uliyemfukia ukutani. Ukiitika, ukumbuke."

"Sengondo," ile sauti ikasema, polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni.

Kisha Nakiete akainama kwenye sikio la mumewe, mbele ya watu wazima wote, akatamka jina alilolificha miaka kumi na mmoja. "Kangero."

Mumewe akavuta pumzi na kuanza kupiga mayowe, maana sasa maumivu ya mawe yale yote yalikuwa yake mwenyewe. Walimtoa kwa mikono, hakuna aliyethubutu kushika jembe. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Walipomuuliza kwa nini aliingia, alisema hakuingia; ukuta ulikuwa unamwuma, akaukuna.

Wazee walikaa barazani siku tatu kutafuta mwenye kosa la Sengondo na wale wawili waliomtangulia. Wakaulizana mmoja mmoja, na kila mmoja aliapa hakutaka, na kila mmoja alisema kweli. Na bado udongo ule ulikuwa umewekwa kwa mikono yao. Hukumu haikupatikana. Mzee Kadeghe alisema aliyefanya hakuwepo barazani, na akiitwa aje, atakuja kwa miili yao wenyewe, na hakuna atakayebaki wa kuhukumu. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akimwogopa jirani, na zaidi akijiogopa mwenyewe.

Nakiete alitaka mifupa ya mdogo wake. Wakapima, wakaona ukuta wa mashariki ukifukuliwa ndiva yote itakwenda na maji, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Alitazama mahindi ya watu, akamtazama Nanzia. Akasema mdogo wake alale hapo alipo. Ila alitaka jiwe kubwa la mtoni liviringishwe mpaka juu yake, na akawa wa kwanza kulikalia. Siku ile ndipo aliponyoa nywele.

Na tangu siku hiyo, msaragambo wa Ikondo hauanzi mpaka mtu mmoja akae juu ya jiwe bila jembe na bila wimbo. Anakula sawa na wachimbaji, na nyinyi mnaonung'unika kwamba anashiba bure, zamu yenu itakuja, mtaona kama ni kazi nyepesi. Wimbo wetu sasa una mwimbishaji, na anakosea makusudi ili watu wacheke. Tunachelewa kumaliza. Kazi ya siku moja sasa ni ya siku nne, na vijiji vingine vinatucheka. Jua likiinama, aliye juu ya jiwe anaanza kuita, na anaita majina makavu. Mtoto anamwita babu yake, mkwe anamwita mkwe, mke anamwita mume, na kila aliyeitwa anaitika na kutoka mferejini. Wageni wakisikia wanaziba masikio. Wanasema hatukulelewa.

Jina la mwisho ni Sengondo. Hakuna mtu Ikondo anayeruhusiwa kumpa mtoto jina hilo. Aliye juu ya jiwe hungoja kwanza, mpaka kila mtu awe ametoka kwenye tope na jembe liko begani. Halafu anaita, "Sengondo." Na kutoka kwa watu wote waliosimama pale inatoka sauti moja: "Nipo."

Muulizeni yeyote jioni hii. Atawaapia kwamba yeye hakufungua mdomo, amewasikia wenzake tu. Muulizeni wa pili, muulizeni wa tatu. Kisha kila mtu huchukua njia ya kwake, akaenda nyumbani.